Besi Inakoroma, Kanisa Linatetemeka!

Leo mapenzi na fasheni viweke pembeni. Nataka tuzungumzie ugonjwa unaowasumbua vijana wengi wanaopiga vyombo makanisani: gitaa la besi kukoroma mpaka waumini wanageuka kuangalia kama kuna trekta limeegeshwa nje.

Mimi napiga besi katika kanisa moja dogo hapa Kilindoni, Mafia. Nyie wa Dar mnaoijua Mafia kwa papa potwe na watalii tu, habari ndiyo hiyo: huku nako tuna drams, kinanda, gitaa la solo na kwaya ya akina dada wenye mapafu si mchezo. Ukumbi wenyewe kuta za saruji, juu mabati. Pazia hakuna, zulia hakuna. Sauti ikitoka haina pa kujificha, inagonga ukuta, inarudi, inakutana na mwenzake njiani.

Vita inaanzaje? Mpiga drams akishapandwa na mzuka, wa solo hajisikii, anaongeza. Wa kinanda hakubali kumezwa, naye anaongeza. Mwisho anabaki bwana besi na amplifaya yake ya wati 30, kila mtu anamkodolea macho kwamba hasikiki. Akizungusha volyumu hadi mwisho, kkrrrrr! Hapo wimbo ni wa pili tu, na ibada ndiyo kwanza inaanza.

Watu watakwambia, "Nunueni mashine kubwa." Jamani, hesabu yake inatisha. Ukiongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 30 kwenda 60, kwa spika ile ile unapata nyongeza ya desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa kubahatisha. Ili usikike kama umepanda mara mbili unahitaji nguvu kama mara kumi, yaani wati 300! Na mashine ya wati 300 ikifika, yule wa solo atakaa kimya amtazame? Thubutu.

Halafu besi ina ulafi wake. Uzi ule mnene kabisa unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini namna hiyo, hasa zikipigwa polepole. Fletcher na Munson wa Marekani walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1933. Ndiyo maana kijana akijifunzia chumbani usiku, kwa sauti ndogo, anajaza besi tele mpaka isikike tamu. Jumapili anawasha kwa nguvu na mpangilio ule ule, anapata uji. Mzito, umejaa, lakini noti hata moja haitambuliki.

Sasa huko kukoroma kwenyewe ni nini? Sauti ni wimbi, na amplifaya ina kimo chake. Wimbi likizidi kimo hicho linakatwa kichwa, linabaki bapa kama meza. Zile kona kali zinazaliana sauti nyembamba ambazo wewe hukuzipiga kabisa. Kuna wanaozipenda, sikatai. Konono No. 1 wa Kinshasa, kundi la marehemu mzee Mingiedi, waliunganisha likembe na vipaza sauti vya kujitengenezea kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, na mkwaruzo ule ukawapeleka hadi Ulaya. Lakini wale waliufanya mkwaruzo kuwa chombo. Huku kwetu unazika maneno ya wimbo, na watu wamekuja kusikia maneno.

Tena una gharama. Amplifaya iliyolemewa inasukuma nguvu nyingi kuliko inapopiga safi, koili ya spika inapata joto, inaungua. Kama boksi lako lina twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, mara nyingi ndiyo inatangulia kaburini. Mwenzangu wa Ilala utashuka Kariakoo ununue nyingine. Mimi nivuke bahari mpaka Nyamisati, halafu nitafute gari la Dar. Na spika tuliyonayo akina mama wa kanisa waliichangia kwa maandazi na kusuka makuti. Ikiungua, nani atakwenda kuwaambia?

Kwa hiyo kwanza mtafute anayekoroma ni nani. Kama gitaa lako lina betri ndani, ile ya volti 9, anza nayo, maana ikichoka gitaa linakwaruza hata ukipiga taratibu, na fundi atakula hela yako bure. Betri ikiwa nzima, tazama amplifaya. Nyingi zina gaini, inayopokea sauti ya gitaa, na volyumu kuu, inayoisukuma nje. Shusha gaini, pandisha volyumu kuu. Ukipata sauti safi, mgonjwa alikuwa mlangoni. Inakoroma hata ikiwa chini kabisa? Jaribu waya mwingine, kisha sikiliza spika yenyewe, huenda karatasi imechanika.

Baada ya hapo fanya kinyume cha wanavyofanya wengi: punguza besi kwenye besi! Najua inauma. Zungusha ile ya sauti nzito irudi nyuma kidogo, pandisha zile za kati. Ukiwa peke yako utaona gitaa limekonda, lakini wenzako wakiingia ndipo utashangaa linavyopenya. Teke la drams na mkono wa kushoto wa kinanda vyote vinagombania pale chini. Na mpiga kinanda mwenye huruma akiuinua mkono ule, umepona nusu.

Jambo jingine, usiiweke amplifaya sakafuni kwenye kona. Kona inavimbisha sauti nzito, na spika iliyo chini inapigia miguu yako, wakati miguu haina masikio. Mimi naipandisha juu ya kreti mbili za soda, ikinitazama usoni. Sasa najisikia, basi hata hamu ya kuongeza inaisha. Halafu mtume mtu asimame mlango wa nyuma, kwa sababu wimbi la uzi ule mnene lina urefu wa kama mita 8. Mbele unaweza kuona besi hakuna, kumbe huko nyuma watu wanatikisika vifua.

Nje ndiyo usiseme. Sauti nyembamba ukuta unazizuia, nzito inapita. Jirani yetu mmoja, mzee wa msikitini, nilimwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba, halafu akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, nyimbo zenu siziskii, nasikia kabati langu la vyombo linacheza." Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa kweli tangu 2015 nchi ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, lakini mimi yule babu ananitosha kuliko kanuni.

Masikio yetu je? NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri saa 8 kwa siku zisizidi desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Zikifika 100 umebakiwa na dakika 15. Dakika 15! Sisi mapambio peke yake yanakula saa nzima. Mpiga drams wetu ana mbu anayemlilia sikioni toka Jumapili mpaka Jumanne, na kijana mwenyewe hajafika miaka 25.

Drams hazina kitufe cha volyumu, kitufe ni roho ya mpigaji. Alhamisi, kwenye mazoezi, tulikaa naye kistaarabu. Sasa ameitandika ngoma ndogo kitambaa. Tunaanza na kwaya bila kipaza sauti hata kimoja, yeye anapiga mpaka anaposikia maneno yao, halafu mimi naingia juu yake, kinanda kinafuata. Wa solo anakuwa wa mwisho.

Huyo wa solo bado amenuna. Anasema tumemwonea wivu.