Liyongo Asipelekwe Sinza Bila Nyimbo Zake

Siku hizi kila panapozungumzwa mustakabali wa fasihi ya Kiswahili, hakosekani mtu wa kuinuka na kutoa dawa moja: Fumo Liyongo atiwe katika mchezo wa kompyuta. Vijana, husemwa, hawasomi tena. Wamehamia kwenye vioo. Basi shujaa naye na awafuate hukohuko. Dawa hii hupigiwa makofi, kwani ni tamu na haimgharimu kitu anayeitoa. Hakuna anayeuliza ni Liyongo yupi atakayefika huko, wala atafika na nini mkononi.

Na ichukuliwe Sinza kuwa mfano. Mtaa huu wa Dar es Salaam, uliokuwa ndani ya Kinondoni kabla Manispaa ya Ubungo haijaundwa, ulipimwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa mpango uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Watu waliuhamia kutoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na lugha ya mamake, na Kiswahili ndicho kilichowafanya majirani. Leo, Kumekucha hadi Makaburini, Mori hadi Kijiweni, si kazi kukiona chumba chenye televisheni mbili tatu, viti vya plastiki na vijana wanaolipia mchezo mmoja mmoja. Kinachochezwa zaidi humo ni mpira. Ila mwenye kompyuta kwao huicheza pia michezo ya mikakati, ile ya kujenga dola na kuangusha dola. Kijana huyu hakukulia Pate wala Lamu. Hana bibi wa kumghania utendi usiku. Jina la Liyongo amelikuta darasani, likiwa mfano wa mighani; akaliandika katika mtihani, akalisahau. Kwa hiyo Liyongo atakayemjia kwenye kioo ndiye Liyongo wake wa kwanza, na yumkini wa mwisho. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo wapiga makofi wasipopatazama.

Wangepata funzo kama wangeutazama mchezo mmoja uliotoka mwaka 2011, uitwao A Game of Thrones: Genesis. Ulitungwa na studio ya Kifaransa, Cyanide, kutokana na riwaya za George R. R. Martin, Mmarekani aliyeanza kuutoa mfululizo wake wa falme na koo mwaka 1996. Wakati ulikuwa mzuri usio kifani: mwaka huohuo wa 2011 hadithi hizo zilianza kuonyeshwa kwenye televisheni, na kitabu cha tano kikatoka. Dunia nzima ilikuwa na kiu. Mchezo ukaja, wahakiki wakaupokea kwa baridi, wachezaji wakauweka kando. Mapenzi ya vitabu hayakuuokoa.

Si haki kusema kwamba waliouunda walikuwa wavivu. Walifikiri, na wazo lao la msingi lilikuwa jema. Waliona kwamba katika vitabu vya Martin vita hushindwa kabla upanga haujachomolewa. Basi wakaunda mchezo wa hila kuliko wa majeshi. Mjumbe huenda kuutia mji katika ahadi ya utii. Adui naye huufanyia mji huohuo mapatano ya siri. Jasusi hutumwa kuyafichua. Binti wa nasaba huozwa ili damu ifunge kile ambacho maneno hayakukifunga. Muuaji hutumwa dhidi ya wote hao. Ukisimuliwa hivi, mchezo huu unavutia. Uliozaliwa na wazo hili, hata hivyo, ulikuwa mchezo wa vijitu vinavyofanana, vikipita barabarani kwenda na kurudi, ilhali mchezaji anakimbizana navyo kama mchunga mbuzi.

Kasoro ilikuwa wapi? Ilikuwa kwamba yalichukuliwa majina, vikaachwa vile vilivyoyapa majina uzito. Katika kitabu cha Martin cha mwaka 2000, ukoo mmoja wawachinja wageni wake kwenye karamu ya harusi, baada ya wageni kula mkate na chumvi ya mwenyeji. Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa kwa nini kitendo hicho kinatisha. Anajua chumvi ya mtu ni nini. Martin alitumia mamia ya kurasa kuijenga hofu hiyo: viapo, matusi yaliyomezwa, ahadi ya ndoa iliyovunjwa, mama mwenye shaka. Khiyana haina maana pasipo imani iliyotangulia. Katika mchezo ule imani haikutangulia. Mjumbe hana uso wala historia, mji hauna kinyongo, bibi harusi hana moyo. Kuhini ni kubonyeza kitufe, na kuhiniwa ni kuona rangi ya mji imegeuka. Anayecheza haoni haya wala hapati uchungu. Huona hesabu tu.

Kila aliyewahi kufasiri anaijua dhambi hii, maana ni dhambi ya mfasiri mwanagenzi. Huchukua kamusi, akabadilisha neno kwa neno, majina yote yakafika salama ng'ambo ya pili, na shairi likafa maji njiani. Kufasiri ni kuuliza: jambo hili lilifanya kazi gani kule lilikotoka, na huku ni kitu gani kiwezacho kuifanya kazi hiyo? Waundaji wa mchezo hawakuuliza. Mwaka uliofuata, 2012, studio ileile ilitoa mchezo mwingine kutokana na vitabu vilevile, wa kufuata safari za watu wawili, mlinzi wa Ukuta na kasisi wa moto, kila mmoja na dhamana yake na aibu yake. Huo nao ulikuwa na ila nyingi, lakini hadithi yake ilisifiwa hata na waliolaumu uchezaji wake. Watu wawili wenye kumbukumbu waliweza kile ambacho umati wa vijitu haukukiweza.

Atakayesema kwamba hayo ni ya Wazungu na falme zao za kubuni, na atazame yalivyotendewa ya pwani. Mwaka 2005 ulitoka mchezo mashuhuri wa mikakati, Civilization IV. Wimbo wake wa kufungulia, uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin, huimbwa kwa Kiswahili. Ni sala ya Baba Yetu, na Februari 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata miongoni mwa muziki wa michezo ya kompyuta. Waswahili walijivuna, na walikuwa na haki ya kujivuna. Ila mchezaji akishausikiliza wimbo, akafungua orodha ya mataifa ya kuongoza, humkuta Mmali, humkuta Mmisri, Mswahili hamkuti. Lugha iliitwa kuja kufungua mlango, wenye lugha wakabaki barazani. Katika toleo la sita, la mwaka 2016, Zanzibar imo. Imo kama mji mdogo usiochezwa, unaongojea dola kubwa iutie chini ya himaya yake; na thawabu ya aliyefaulu ni kupewa mdalasini na karafuu. Kisiwa cha malenga na maulamaa kimefika kwenye kioo kikiwa kibaba cha viungo.

Sasa na aletwe Liyongo. Utendi wake unaojulikana zaidi uliandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913, na habari zake zilikwisha kuchapwa London mwaka 1870 katika kitabu cha Edward Steere. Akikabidhiwa kwa watu wa vijitu na rangi, ni rahisi kutabiri watakachomfanya: jitu la mishale, nguvu mia, mwendo hamsini, uhai elfu. Adui zake watakuwa askari wa mfalme wa Pate. Mchezaji atamsogeza, atapiga, atashinda.

Lakini katika utendi, ni mara ngapi nguvu ndizo zilizomwokoa? Alipopangiwa kuuawa juu ya mkoma, kila mtu akipanda kwa zamu kuangua makoma ili zamu yake ifike wapiga mishale wamwangushe, yeye hakupanda. Aliyaangua kwa mshale akiwa chini. Hiyo ni akili. Alipotiwa gerezani, hakuvunja ukuta kwa mabega. Alimpa ujumbe mjakazi Saada kwa utungo, mbele ya walinzi: mama aoke mkate, na ndani ya mkate wa wishwa atie tupa. Walinzi walikuwa na desturi ya kumnyang'anya mikate mizuri. Ule wa wishwa waliudharau, wakamwachia. Kisha akaomba ngoma ya gungu, akawapa watu nyimbo, na kishindo cha ngoma na matoazi kikaifunika sauti ya tupa ikila chuma. Walinzi walikuwa wamesikia kila neno. Wakashindwa kulifahamu. Mama alifahamu.

Hiki ndicho kiini cha Liyongo, na hakina nafasi katika hesabu ya uhai elfu. Silaha iliyomtoa gerezani ilikuwa lugha, na ushindi wake ulitegemea kwamba yuko mtu mmoja nje anayejua kusikiliza. Na kifo chake? Mwanawe, aliyeahidiwa ufalme na binti wa mfalme, alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Katika michezo ya mikakati, aliyekufa hutoweka. Liyongo alikwenda kisimani, akapiga goti, akapachika mshale kwenye uta, akafa katika hali ile. Na mji mzima ukakaa na kiu, watu wakiogopa kuteka maji mbele ya maiti, mpaka mama akaja kumbembeleza kwa nyimbo. Mwana hakuupata ufalme. Ni mchezo gani kati ya hiyo inayopigiwa debe ulio na mahali pa maiti inayouzuilia mji maji, au pa msaliti anayeshinda na asipate kitu?

Asidhani mtu kwamba hoja hii ni ya kuchukia michezo. Pwani ndiyo ya mwisho kuweza kuichukia, kwani bao ni la kwake: safu nne, vishimo vinane kwa safu, kete sitini na nne, na wakati wa kunamua kila mchezaji ana kete ishirini na mbili za kuingiza moja moja. Kete iliyoliwa hugeuka kuwa ya aliyeila; mlaji akifikia nyumba ana hiari ya kusita au kuivunja na kuendelea, na hiari hiyo imewatoa jasho mafundi. Bao ni mkakati mtupu na ni kamili. Ni kamili kwa sababu halidai kusimulia. Kete hazijaitwa Mahamadi wala Herakali, na hakuna aliyewahi kuondoka barazani akidhani amesoma Tambuka. Mchezo unaojiita hadithi umeahidi zaidi ya bao, na lazima udaiwe ahadi yake.

Wala si kweli kwamba ahadi hiyo haiwezi kutimizwa. Wapolandi walichukua hadithi za Andrzej Sapkowski, zilizoanza kuchapwa mwaka 1986, wakazifanya mchezo, The Witcher, mwaka 2007, na mchezo huo ukafanikiwa. Walioufanya walikuwa wamekua na hadithi hizo. Kameruni, studio ya Kiro'o ilitoa Aurion mwaka 2016, kutokana na ndoto za Kiafrika zilizobuniwa na wenyewe. Haikukosekana akili Afrika, wala haitakosekana Sinza.

Huja hapo hoja ya mwisho ya wapiga makofi: nusu shari kuliko shari kamili; afadhali Liyongo wa vijitu kuliko kutokuwepo Liyongo kabisa. Wataongeza kwamba televisheni iliwapeleka mamilioni kwenye vitabu vya Martin. Naam, iliwapeleka, kwa kuwa vitabu vilikuwa madukani vikiwangojea. Kijana wa Sinza aliyeamshwa hamu na mchezo mbovu atakwenda duka gani kuununua utendi wa Kijuma, na akiupata, nani atamfafanulia Kiamu chake? Akikosa, atabaki na kile alichokiona, na atadhani anamjua Liyongo. Mtu asiyejua huuliza; anayedhani anajua hafungui tena kitabu.

Basi anayetaka kumtia Liyongo katika mchezo na aanze na kazi isiyopigiwa makofi. Na utolewe kwanza utendi wenyewe, kwa bei ya mwanafunzi, wenye maelezo ya maneno ya Kiamu pembeni. Na zirekodiwe sauti za wanaojua kuughani, kabla hawajaondoka. Kisha, mchezo ukija, na uwe na gereza ambalo mchezaji hatoki kwa nguvu: asikie utungo, walinzi wausikie pia, na mlango usifunguke mpaka yeye aufahamu wasioufahamu wao. Kijana wa Kijiweni aliyekaa usiku kucha akiupekua ubeti mmoja ili apate tupa, huyo atakuwa amekutana na Liyongo. Pasipo hayo, shujaa na aachwe Ozi alikozikwa na masimulizi ya wenyeji. Asiletwe mjini kuuawa mara ya pili.