Maarifa Haya Ni Yenu

Mgonjwa anaingia, pengine mzee wa umri wa baba yangu. Anavua kofia, anakaa ukingoni mwa kiti na kuniita daktari kila akifungua mdomo. Nikimwuliza anadhani tatizo lake ni nini, ananijibu kwa upole, "Wewe ndiye unayejua." Wagonjwa wa namna hii huja na madaftari yao ya shule, yale ya kununua dukani, yamejaa Kiingereza cha haraka haraka ambacho hata muuguzi wa zamu inayofuata hukisoma kwa shida. Mkononi wana bahasha ya vidonge iliyoandikwa 1x1. Nyumbani wakiulizwa wameambiwa nini, husema, "Wamesema presha." Ni presha ya kiasi gani? Dawa ni ya mwezi mmoja au ya maisha? Ukijisikia vizuri uache? Hawajui, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Madai yetu kuhusu uhaba wa dawa, vipimo na watumishi ni ya haki, na tusiyaache. Ila maarifa tayari tunayo, na kumgawia mwenzako hakukupunguzii chochote. Ndiyo maana naona kumnyima mgonjwa maelezo ya ugonjwa wake ni dhuluma kama dhuluma nyingine.

Nabaki kwenye presha kwa sababu inaonyesha jambo hili waziwazi. Kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kutembea na 180 kwa 110, akalima na kucheza ngoma, asihisi kitu. Akitumia dawa mwezi mmoja akajiona mzima, anaacha vidonge ili hela iende kwenye sare ya mtoto. Ni uamuzi wa mzazi mwenye akili timamu ambaye amekosa taarifa moja tu, kwamba dawa ile inazuia hatari kwa muda inapotumika, na ukiiacha presha hupanda tena. Baadaye anaanguka kwa kiharusi, au figo zinachoka mpaka asafishwe damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Hapo ukoo unauza ng'ombe, kisha shamba. Vidonge vya presha vinavyotumika sana ni vya bei nafuu. Maelezo ambayo yangemfanya aendelee navyo hayana bei kabisa.

Nasema maarifa ni yenu kwa maana halisi. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12. Chuo cha udaktari kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na kiliendeshwa kwa jasho la wakulima ambao wengi wao hawakuwahi kumwona daktari. Mwalimu huyohuyo alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Asiporudi, ni msaliti. Mimi nilikula chakula hicho. Na zaidi ya kodi kuna deni lisiloandikwa popote, la wagonjwa wa wodini waliotuachia miili yao tujifunzie. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa na maumivu, akamruhusu mwanafunzi mmoja baada ya mwingine kumpapasa tumbo, huku akituambia, "Someni, wanangu."

Huko Wales alikuwako daktari Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi miaka mingi Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Mwaka 1971 aliandika kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kuwakwepa wale wanaoihitaji zaidi. Hakuishia kulalamika. Alipima presha za watu wazima wa kijiji chake, wakiwamo waliojiona wazima, akawafuatilia mwaka baada ya mwaka, na akaamini kwamba mgonjwa ni mshirika katika kuitengeneza afya yake.

Sisi hatuna haja ya kwenda Wales kuomba mfano. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wanavijiji walikusanyika kwenye vikundi, wakasikiliza Radio Tanzania, wakasoma vitabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, wakajadiliana kuhusu malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Walioshiriki walikaribia milioni mbili. Kikundi kikimaliza kujadili, watu walishika majembe kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wengi wao hawakuwa na shule ya maana, lakini walipoelezwa sababu, walitenda.

Kwa wenzangu madaktari, matabibu na wauguzi: najua foleni ni ndefu na mmechoka. Hata hivyo, kila mgonjwa atoke akijua ugonjwa wake unaitwaje, dawa inafanya nini, na dalili gani ikitokea arudi mara moja. Yaandikeni kwa Kiswahili kwenye daftari lake, kwa mwandiko unaosomeka. Na tunapopita wodini tusimjadili mgonjwa kwa Kiingereza juu ya kichwa chake, naye anatutazama midomo akitafuta habari za maisha yake.

Kwenu wasomaji: daktari akikuandikia dawa, muulize ni ya nini na ya muda gani. Si utovu wa adabu. Jirani au shangazi anayeogopa kuuliza, msindikize kliniki ukamwulizie. Zahanati na vituo vya afya vya serikali vina kamati zenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Wajueni wa kwenu, na ulizeni hela ya dawa imetumikaje.

Vikundi pia tunavyo tayari: vikoba, kwaya, jumuiya ndogondogo, madrasa, vijiwe vya bodaboda. Tengeni nusu saa kabla ya kuhesabu hisa, mjadili ugonjwa mmoja na kupima presha za wanachama. Mwombeni mhudumu wa afya ya jamii au muuguzi wa zahanati yenu aje na mashine yake. Mwambieni mapema siku na saa ili ajipange na zamu, na andaeni maswali yenu, yakiwemo yale mnayoyaonea aibu.