Ujuzi Utangulie Reli

Oldonyiro, magharibi ya Isiolo, ni mji wa wafugaji. Soko la mifugo liko, reli haiko. Reli ya karibu huishia Nanyuki. Hata hivyo, mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, umekusudia kuleta reli kutoka bandari ya Lamu hadi Isiolo na kuendelea mbele. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021. Reli ingali katika karatasi.

Je, siku itakapojengwa, nani ataiendesha? Swali hili latuhusu sisi watu wa Pwani pia, kwani njia hiyo itaanzia kwetu.

Shauri letu ni dogo. Shule za Oldonyiro na za Lamu zipatiwe vitofali vya plastiki vya kuunganisha, pamoja na mota ndogo na betri, ili watoto waunde kichwa cha zamani cha gari la moshi, kile cha kupanga mabehewa. Mfano upo: vichwa vya daraja la 13 vya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, vilivyoundwa Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1950, vyenye magurudumu manane ya kuvutia yaliyofungwa pamoja kwa vyuma.

Wapo watakaosema huo ni mchezo tu. La, hasha! Mota huzunguka mbio lakini nguvu zake ni chache. Mtoto akiweka gia ya meno 8 iizungushe ya meno 24, mwendo hushuka hadi theluthi, na nguvu huzidi karibu mara tatu. Hapo ataelewa kwa nini kichwa cha stesheni huenda polepole na huku kinasukuma mabehewa mazito. Akifunga vyuma vya kushoto na vya kulia sambamba, magurudumu huweza kukwama. Akivipishanisha kwa robo ya mzunguko, huenda. Somo la namna hiyo halisahauliki.

Vitofali ni ghali, hatukatai. Lakini sanduku moja laweza kubomolewa na kuundwa upya na kila darasa, mwaka baada ya mwaka. Nao wazee wetu waliostaafu katika reli wangali na ujuzi. Waalikwe wauseme kabla haujazikwa nao.

Samaki mkunje angali mbichi. Reli ikifika, Inshallah, mtoto wa Oldonyiro asiwe bawabu wa stesheni kwa kukosa kufunzwa kazi iliyo bora zaidi.