Mpango wa Kikundi Usianze na Karatasi Tupu Kila Msimu

Leo sizungumzii mbegu wala dawa. Nazungumzia vikao vyenu.

Kikundi kimoja ninachokihudumia kiliamua kulima vitunguu. Ardhi walikuwa nayo, maji ya mfereji yapo, na wanachama ni watu wa kazi. Walikaa vikao vitano kupanga, na kila kikao kilianza upya: kazi gani itangulie, nani ataifanya, itagharimu kiasi gani. Katibu aliandika yote kwenye daftari, na daftari likabaki nyumbani kwake. Walipokuja kukubaliana, muda wa kusia mbegu ulikuwa umepita kwa mwezi mzima. Vitunguu vilikomaa mvua za vuli zikianza, na vingi vikaozea shambani. Hawakushindwa kulima. Walichelewa kupanga.

Maoni yangu ni haya: mpango mwandike mara moja, kisha kila msimu muurekebishe tu. Kazi za vitunguu hazibadiliki. Kuna kitalu, kusia mbegu, kuandaa shamba, kuhamisha miche, palizi, mbolea, kumwagilia, kukagua wadudu na magonjwa, kuvuna na kukausha. Kinachobadilika ni tarehe, bei na majina ya wahusika. Orodhesheni kazi hizo, na mbele ya kila moja muache nafasi ya tarehe, gharama na jina. Hicho ndicho kiolezo. Toeni kopi kadhaa, moja itunzwe na mwenyekiti.

Hatua ya pili, toeni mpango kwenye daftari muuweke ukutani. Karatasi moja ya manila inatosha. Upande wa kushoto andikeni kazi, juu andikeni wiki, kisha chora mstari kuonyesha kila kazi inaanza lini na kuisha lini. Wataalamu huiita chati ya Gantt, kwa jina la mhandisi Mmarekani Henry Gantt, aliyeitumia viwandani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hata mwanachama asiyejua kusoma vizuri ataona mstari upi umefikiwa na kazi haijafanyika.

Mnapochora, anzeni na siku ya kuvuna mrudi nyuma. Miche ya vitunguu hukaa kitaluni karibu wiki 6, na shambani miezi 3 hadi 4 kutegemea aina. Mkitaka kuvuna mwanzoni mwa Oktoba kwa aina ya miezi 4, miche ihamishwe mwanzoni mwa Juni, na mbegu isisiwe kitaluni baada ya tarehe 20 Aprili. Maana yake fedha ya mbegu iwe mkononi mwezi Machi. Hapo ndipo wengi hushtuka: kumbe kikao cha michango kilitakiwa kufanyika Februari!

Wapo watakaosema mambo ya chati ni ya watu wa ofisini, mkulima anafuata mvua. Ni kweli mvua haisomi manila. Lakini mvua ikichelewa wiki mbili, mwenye chati anasogeza mistari jioni moja. Asiye nayo anaitisha vikao vitano vingine.

Nina onyo moja. Kiolezo kisiwafanyie kazi ya kufikiri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vingi hunakili andiko la mradi la wenzao ili kuwahi. Nimewahi kuletewa andiko la vitunguu lenye gharama za chanjo ya kuku. Andiko kama hilo linarudishwa, na mnaanza foleni upya. Kila namba kwenye kiolezo iulizwe: hii ni bei ya duka letu? Hili ni shamba letu?

Kwa hiyo wiki hii tafuteni daftari la msimu uliopita. Pembeni ya kila kazi andikeni tarehe iliyofanyika kweli, siyo ile mliyopanga. Tofauti ya tarehe hizo mbili ndiyo itakayotengeneza kiolezo chenu cha kwanza, na hakuna afisa ugani anayeweza kuwaandikia hiyo.