Dawa kwa kuku asiyeumwa

Kuku wa Jumapili anapoletwa mezani, watoto hugombania paja na hakuna anayeuliza kuku huyo alilishwa nini katika wiki chache alizoishi. Mpenzi msomaji, swali hilo lafaa kuulizwa. Huenda alikula dawa tangu akiwa kifaranga, ilhali hakuwa mgonjwa hata siku moja.

Mtindo huu ulianzia Marekani. Mnamo 1948, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa kampuni ya Lederle waligundua kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya utengenezaji wa antibiotiki iitwayo Aureomycin walikua haraka kuliko wenzao. Muda si mrefu, antibiotiki zikawa zinatiwa katika chakula cha kuku kama chumvi katika mboga. Nia haikuwa kutibu bali kunenepesha.

Ubaya wake ni huu. Kipimo kidogo kinachotolewa kila siku hakiui bakteria wote. Walio dhaifu hufa, walio sugu husalia na kuzaana, na usugu huo wanaweza kuwapitishia hata bakteria wa aina nyingine. Kisha hutufikia kupitia nyama isiyoiva vizuri, mikono ya mchinjaji, au samadi inayomwagwa shambani. Tetrasaiklini, kwa mfano, hutibu kuku na pia binadamu. Mtu akiugua kwa bakteria waliokwisha kuizoea, daktari hana budi kutafuta dawa nyingine, nayo yaweza kuwa ghali au isipatikane kabisa.

Uswidi ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukazimaliza tarehe 1 Januari 2006. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilishauri wafugaji kote wasiwape dawa hizo wanyama wazima kwa ajili ya kuwakuza.

Je, mfugaji atumie nini badala yake? Njia moja ni probiotiki. Hizi ni bakteria hai wenye manufaa, na baadhi yao ni jamaa wa wale wanaogandisha maziwa lala. Huchanganywa katika chakula au maji ya kuku.

Ili kuelewa kazi yao, mtazame kifaranga. Yule aliyeanguliwa na mama yake huanza kudonoa palepale mama anapodonoa, na hivyo hurithi bakteria wema kutoka kwake. Yule wa mashine hamwoni mama, na tumbo lake huwa karibu tupu. Tumbo hilo ni kama matatu ya asubuhi: wanaotangulia ndio wanaopata viti. Salmonela wakitangulia, watakaa. Bakteria wema wakitangulia, watajaza nafasi, watakula chakula ambacho salmonela wangekila, na watatoa asidi inayowakera wavamizi.

Jambo hili lilithibitishwa Ufini. Baada ya salmonela kuzuka miongoni mwa kuku wa nyama nchini humo mwaka 1971, Esko Nurmi na mwenzake Rantala waliwapa vifaranga wachanga bakteria waliotoka matumboni mwa kuku wakubwa wenye afya. Vifaranga hao waliweza kuwakinza salmonela. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973, na tangu hapo utafiti wa bakteria wema kwa kuku umeendelea.

Hata hivyo, tusidanganyike. Probiotiki si dawa ya kutibu. Hazizuii kideri, ambao huletwa na virusi na kinga yake ni chanjo. Tena hazifanani: bakteria wa aina moja huweza kusaidia pale ambapo wa aina nyingine hawafui dafu. Wala hazifichi uchafu. Wafugaji wa Denmark walipoacha antibiotiki za kukuzia kuku wa nyama mwishoni mwa miaka ya 1990, vifo havikuongezeka, ila kuku walihitaji chakula zaidi kidogo tu. Hilo latufunza kwamba banda likitunzwa vyema, dawa ya kila siku haina kazi kubwa.

Kwa familia zinazofuga kuku nyuma ya nyumba, iwe ni Ruai au Kitengela, haya ni ya kuzingatia. Ukinunua probiotiki, soma tarehe ya mwisho ya matumizi na uiweke mahali penye ubaridi, kwa sababu bakteria waliokufa hawana faida. Wape vifaranga mapema, katika siku zao za kwanza. Usiichanganye na maji yenye klorini, wala usiitoe pamoja na antibiotiki, kwani vyote viwili huua bakteria hao. Hakikisha matandiko ni makavu, vyombo vya maji ni safi na kuku hawakusongamana.

Kuku akiugua, mwite daktari wa mifugo badala ya kubahatisha kwa dawa ya dukani. Akitibiwa kwa antibiotiki, ngoja siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe kabla ya kumchinja au kuuza mayai. Kupika kunaua bakteria, lakini si mabaki yote ya dawa yanayoondoka kwa moto wa jikoni.

Nawe usiyefuga, muulize anayekuuzia kuku jinsi anavyowalisha. Mfugaji akijua kwamba mnunuzi anajali, atafikiri mara mbili kabla ya kumimina dawa katika maji ya kuku wazima.