Pikipiki Isiyolia Bado ni Pikipiki

Juzi, kwenye kijiwe cha bodaboda mjini Tarime, niliwakuta vijana wakibishana juu ya pikipiki za umeme. Mmoja akakata shauri: “Hailii, basi si pikipiki.” Wenzake walicheka. Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nilirudi Mugumu na hoja yake kichwani.

Kijana hakukosea asili ya neno. Pikipiki ni tanakali sauti iliyogeuka nomino, kama ilivyo tukutuku. Je, mlio ukitoweka, jina nalo lizikwe?

Nasema hapana. Tazameni Vespa, chombo cha Waitalia tangu 1946. Jina hilo maana yake ni nyigu, kwa umbo lake na mvumo wake. Mwaka 2018 Piaggio ilianza kuunda Vespa ya umeme, nayo ingali Vespa. Hapa kwetu treni ya umeme ilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na wapo tunaoiita garimoshi, ingawa haitoi moshi.

Neno huweza kuzaliwa na sauti, lakini hulelewa na wasemaji. Kwa hiyo, washairi wenzangu, tusikimbilie kubuni istilahi. Tuna kazi ya haraka zaidi: kuuhifadhi mlio ule katika mizani zetu ungali unasikika, ili mjukuu atakayeuliza kwa nini chombo kimya huitwa pikipiki apate jibu katika shairi.