Si Mashimo, Ni Mazizi

Katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, tangu Nakuru hata uwanda wa Uasin Gishu, miteremko ya vilima ina vibonde vya mviringo vilivyoota majani, na vingine vimejengewa kuta za mawe yasiyo na udongo wala chokaa. Upana wa kimoja hukaribia mita 10, na kina chake aghalabu hufika mita 2. Vitabu vya Kiingereza huviita mashimo ya Wasirikwa, na waandishi wa Kiswahili wamelipokea jina hilo bila kuliuliza litokako. Jina hilo ni la makosa, na kosa lenyewe si dogo.

Shimo ni nini? Ni mahali palipochimbwa ili kutupa taka, kutega mnyama au kuzika. Msomaji aambiwapo kwamba watu fulani walikuwa na mashimo, haoni nyumba, wala mlango, wala mifugo. Huona viumbe waliojificha ardhini kama nguchiro. Wala si msomaji peke yake aliyepotea. Kwa muda mrefu wataalamu nao walidhani kwamba vibonde hivyo vilikuwa makao ya watu, wakatafuta jinsi vilivyoezekwa.

Utafiti wa J. E. G. Sutton, ulioanza katika miaka ya 1960 na kuchapishwa katika kitabu mwaka 1973, uliivunja dhana hiyo. Kibonde kina njia moja nyembamba upande wa chini wa mteremko. Nje ya njia hiyo kuna kichuguu cha samadi na matope yaliyozolewa kutoka ndani, na kwa kuzolewa huko kibonde kilizidi kwenda chini. Kando yake zimeonekana alama za nyumba, ambayo mlango wake ulifungukia ndani ya kibonde. Maana yake ni wazi: watu walilala nyumbani, na mifugo ililala kibondeni, salama na wezi wa usiku. Hilo si shimo, ni zizi. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchungaji yeyote angalionyeshwa kichuguu kile cha samadi, angalilitaja jina la kitu kabla mtaalamu hajafungua daftari.

Huenda mtu akajibu kwamba jina ni jina tu, wala haliwezi kuondoa jiwe hata moja. Hoja hiyo inaisahau historia ya nchi yenyewe. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wazayuni eneo katika uwanda wa Uasin Gishu. Mwaka 1908 walifika Makaburu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Nchi hiyo ilisemwa kuwa tupu. Kisha mwaka 1933 G. W. B. Huntingford aliandika juu ya ustaarabu wa Kiazania, akayaweka magofu ya mawe ya bara katika fungu la watu wa kale waliokwisha toweka, na kuwapa jina ambalo Wagiriki waliliita pwani. Neno shimo halikumnyang'anya mtu ardhi. Lakini nchi ambayo alama za wenyewe zimeitwa mashimo, na waliozifanya wameitwa wageni, ni nyepesi kuchukuliwa.

Kosa la pili ni kuyatia mazizi haya katika mambo ya kabla ya historia. Kweli, katika kilima cha Hyrax Hill karibu na Nakuru, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, yamo makaburi ya kale sana, ya wakati wa zana za mawe. Lakini mazizi ni ya tangu karne ya 12 hivi hata karne ya 18. Wakati huo Kilwa ilikuwa ikipiga sarafu zake za shaba, na Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331. Yawezekanaje mwaka mmoja uwe historia pwani, na huohuo uwe kabla ya historia bara? Akijibu mtu kwamba bara hapakuwa na maandishi, na aulizwe masimulizi ya Wakalenjin, ambayo hata leo yanawataja Wasirikwa kwa jina, ni ya kabla ya nini. Asomaye Kiswahili, lugha ambayo ilisemwa na kutungiwa mashairi kabla ya kuandikwa, hana haki ya kuyadharau maneno ya mdomo.

Basi walimu na waandishi wa Kiswahili wana wajibu mwepesi kuutimiza. Lugha yao ina neno zizi, nalo linatosha. Na litajwapo zizi na nyumba yake pamoja, lipo neno boma. Hakuna haja ya kutafsiri kosa la wengine ilhali ukweli una jina nyumbani. Tena jambo hili lina haraka, kwa maana plau inapita katika nyanda hizo kila msimu. Mkulima akiambiwa kwamba shamba lake lina shimo, atalifukia, na atakuwa amefanya la busara. Akiambiwa kwamba ni zizi la watu waliofuga hapo kabla yake, yamkini atasita na kuipitisha plau kando.